Gari Linagonga: Historia Fupi ya Mlio na Neno Lake, Kutoka Dayton hadi Bujumbura

Makala haya mafupi yanahusu kitenzi kimoja, gonga, na mlio unaotoka ndani ya injini ya gari. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini jarida la idara ya Kiswahili lizungumzie injini. Sababu ni kwamba kila mmoja wetu anayefundisha lugha hii amewahi kufundisha tanakali za sauti, na wengi tunazifundisha kwa orodha: anguka majini chubwi, anguka mchangani tifu, nyamaza jii, lala fofofo. Mwanafunzi hukariri, hufanya mtihani, kisha husahau. Wakati huohuo, katika gereji za Bujumbura, kuna watu ambao kila siku huamua jambo la fedha nyingi kwa kutegemea jinsi mwenye gari alivyouiga mlio kwa mdomo wake. Akiuiga vibaya, au fundi akimwelewa vibaya, injini nzima hufunguliwa bila sababu. Na yapo mabaya zaidi: injini iliyopaswa kufunguliwa jana hurudishwa barabarani leo.

Tuanzie Kibenga. Huu ni mtaa wa kusini mwa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, jirani na Kinindo na karibu na mto Kanyosha. Ni mtaa wa nyumba za kuishi, na wakazi wake wengi wana magari. Ziwa lilipofurika mwaka 2021 na tena mwaka 2024, sehemu za chini za mtaa huo, upande wa ufukweni, ziliingiliwa na maji. Gari likipita katika maji yanayofika katikati ya gurudumu halifi palepale. Huendelea na safari, na mwenyewe humshukuru Mungu. Wiki kadhaa baadaye huanza kuvuma. Nitarudi kwenye mvumo huo mwishoni, maana una historia yake. Kwa sasa inatosha kusema kwamba gari la Kibenga likianza kutoa sauti isiyoeleweka, kuna uwezekano mkubwa litavushwa hadi upande wa pili wa katikati ya mji, kwenye mafundi wa Buyenzi. Na huko Buyenzi mazungumzo yatakuwa ya Kiswahili, hata kama mwenye gari na fundi wote wawili ni wasemaji wa Kirundi tangu kuzaliwa.

Hilo halikutokea kwa bahati. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na askari, wapagazi na makarani waliotumia Kiswahili, lugha ya utawala katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Wabelgiji waliitwaa nchi mwaka 1916, na kwa sheria ya Agosti 1925 wakaiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo yao kiutawala. Waswahili wa mji, wengi wao Waislamu wenye asili ya Ujiji, Manyema na kwingineko, walitengewa makazi yao, ndiyo asili ya Buyenzi ya leo. Wakazi hawa hawakuwa na mashamba ya ukoo mlimani. Waliishi kwa biashara na kazi za mikono: ushonaji, useremala, uhunzi, udereva na, magari yalipoongezeka, ufundi wa magari. Jina lao lilipakwa matope. Katika Kirundi cha watu wengi, kumwita mtu Mswahili kulikuwa karibu sawa na kumwita mjanja asiyeaminika. Lakini gari likiharibika, mwenye kulitumia neno hilo kwa dharau alikuwa hana budi kwenda Buyenzi na kuomba msaada kwa Kiswahili.

Magari yenyewe na vipuri vyake vilifika kwa njia ya Kiswahili vilevile. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa mkataba wa mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji maeneo yao maalumu ya bandari huko Dar es Salaam na Kigoma. Shehena iliyoshushwa pwani ilipanda treni hadi ziwani, kisha ikapanda meli hadi Usumbura. Kila kituo cha njia hiyo kilikuwa na wachukuzi, makarani na madereva waliozungumza Kiswahili, na kila kituo kiliacha maneno yake.

Ndiyo maana msamiati wa fundi wa Bujumbura una tabaka nyingi. Chini kabisa kuna maneno ambayo pwani iliyatumia kabla gari halijabuniwa. Usukani ni neno la jahazi, lenye asili ya Kiarabu. Liliongoza chombo baharini karne nyingi kabla ya kuongoza Toyota. Gari lenyewe ni neno la Kihindi, lililotaja mkokoteni kabla ya motokaa. Bomba na parafujo ni masalio ya Wareno. Juu ya tabaka hilo kuna Kiingereza kilichopitia Tanganyika na Kenya: breki, gia, klachi, spana, tairi, plagi, beringi. Na juu yake, au pembeni yake, kuna Kifaransa cha Wabelgiji: moteri, feri, vitesi, esanse, buji, batiri. Fundi mmoja anaweza kusema breki na feri katika sentensi moja bila kuhisi kwamba amevuka mpaka wowote. Mwalimu anayesahihisha kwa kalamu nyekundu angekuwa na kazi kubwa hapo, na sidhani kama angepata faida yoyote.

Sasa tazama jambo ambalo naona halijazingatiwa vya kutosha. Majina ya sehemu za gari karibu yote ni ya mkopo. Lakini vitenzi vinavyotaja milio ya gari karibu vyote ni vya Kibantu: gonga, lia, vuma, nguruma, koroma, kwaruza, tetema. Sababu yake, kwa maoni yangu, ni nyepesi. Kipuri huja kikiwa na jina lake limeandikwa kwenye boksi. Mlio hauji na boksi. Dereva aliyekuwa peke yake njiani mwaka 1935, akasikia kitu kipya chini ya miguu yake, hakuwa na pa kukopa neno. Alichukua alilokuwa nalo. Jahazi lilikoroma? La, mtu ndiye hukoroma usingizini. Basi gari nalo likakoroma. Upepo huvuma, nyuki huvuma. Basi gurudumu likavuma. Kitenzi lia kilikuwa tayari kimetanuka zamani, kwani kwetu ngoma hulia, kengele hulia na simu hulia bila huzuni yoyote. Mgeni anayejifunza lugha akisikia "gari yangu inalia" hudhani ni tashihisi, kumbe ni taarifa tu ya ufundi.

Ukopaji huu wa ndani una nguvu, lakini una hatari pia, na hatari hiyo inaonekana vizuri zaidi kwenye kitenzi gonga. "Gari linagonga" lina maana tatu. Ya kwanza ni ya polisi: linagonga mtu au kitu. Tuiache. Mbili zilizobaki ni za fundi, nazo ni magonjwa mawili tofauti kabisa yanayoshiriki jina moja. Kiingereza nacho kimeyapa jina moja, na mkanganyiko huo uliwahi kuigharimu dunia nzima.

Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa gari lililowashwa kwa umeme badala ya kuzungushwa kwa mkono. Aliyebuni mtambo huo, pamoja na mfumo wa kuwashia mafuta kwa betri uliofuatana nao, alikuwa Charles Kettering wa Dayton, jimbo la Ohio. Wenye magari walifurahi, lakini injini zilipopanda mlima zilitoa mlio wa kugonga, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati. Lawama zikamwangukia Kettering: mfumo wake wa betri ndio unaogonga. Yeye hakukubali. Mwaka 1916 alimpa kijana aliyekuwa akimfanyia kazi, Thomas Midgley, jukumu la kutafuta chanzo cha mlio huo.

Midgley hakuwa mkemia bali mhandisi wa mitambo. Alipopima kinachotokea ndani ya silinda alikuta kwamba mafuta hayakuwa yakiwaka mapema, kama wengi walivyodhani. Yalianza kuwaka wakati wake, kisha sehemu iliyobaki ikalipuka yote kwa mara moja na kuzipiga kuta za silinda. Kwa hiyo betri haikuwa na hatia. Kilichogonga kilikuwa petroli. Huu ndio mfano bora ninaoujua wa utambuzi wa mlio: watu waliusikia vizuri, wakauiga vizuri, wakaupa jina, kisha wakamshtaki asiyehusika kwa sababu tu alikuwa mgeni katika gari.

Kilichofuata si hadithi ya kupendeza. Baada ya kujaribu vitu vingi sana, tarehe 9 Desemba 1921 Midgley na wenzake waligundua kwamba tone dogo la mchanganyiko wenye risasi, yaani madini ya risasi, lilinyamazisha kugonga kabisa. Petroli hiyo ilianza kuuzwa Dayton Februari 1923. Mwaka uliofuata General Motors na Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni ya kuiuza, na jina walilochagua ni Ethyl. Walimu wa lugha tulitafakari jina hilo: halitaji risasi hata kidogo, ingawa sumu ya risasi ilikuwa imejulikana tangu kale. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa baada ya kurukwa na akili kwa sumu hiyo, na wengi walilazwa. Magazeti ya Marekani yaliiita gesi ya wazimu. Jina la magazeti lilikuwa la kweli zaidi, lakini jina la kampuni ndilo lililodumu.

Kwa miaka iliyozidi 70 mlio wa kugonga ulinyamazishwa kwa sumu iliyotoka kwenye ekzosi za magari duniani kote, zikiwemo za Afrika Mashariki, na madhara yake makubwa ni kwa ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeiacha. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Yaani watu wazima wengi wa Bujumbura waliozaliwa kabla ya 2006 walikua wakivuta hewa iliyokuwa na jibu la swali moja la Kettering.

Turudi Buyenzi. Mama mmoja anafika kutoka Kibenga. Mazungumzo ya namna hii yeyote aliyeketi gereji kwa nusu saa ameyasikia:

"Fundi, gari yangu inagonga."

"Inagonga wapi, mama? Chini ama ku moteri?"

"Ku moteri."

"Ukiwa umesimama, ama ukipanda?"

"Ukipanda. Nikienda Bugarama."

"Na ukiachia esanse, inanyamaza?"

"Inanyamaza."

Msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu ataona mengi ya kuandika pembeni. Gari limepelekwa kwenye ngeli ya i-/zi-, jambo ambalo hata Nairobi ni la kawaida. Ku imechukua nafasi ya kwenye, kama ilivyo katika Kiswahili cha Kongo. Lakini tusikilize kazi inayofanywa na kiambishi -ki-. Maswali yote ya maana ya fundi yanakaa juu yake: ukipanda, ukiachia, ikipata moto, ukikata kona. Fundi haulizi mlio ukoje tu, anauliza mlio unaambatana na nini. Kwa -ki- anatenga hali moja na nyingine mpaka abaki na moja. Nimewahi kuona vitabu vinavyofundisha -ki- ya masharti kwa sentensi kama "mvua ikinyesha nitabaki nyumbani", ambayo haimsumbui mtu yeyote. Hapa, jibu la "inanyamaza" au "hainyamazi" linaweza kuokoa injini.

Kwa nini? Kwa sababu barabara ya kwenda Bugarama hupanda kutoka ziwani, kama mita 775 juu ya usawa wa bahari, hadi zaidi ya mita 2000, kwa kilomita zipatazo 35. Injini hubeba mzigo mzito, na dereva asiyetaka kubadilisha gia huikandamiza. Ikiwa petroli ni dhaifu, au moto wa plagi unawahi mno, ndipo zinaposikika zile kokoto ndani ya kopo: ugonjwa wa Kettering. Ukiachia mafuta kidogo, au ukishusha gia, mlio hukoma. Dawa yake haihitaji kufungua injini. Kuanzia mwaka 2022, uhaba wa mafuta nchini Burundi ulipokuwa mkali, watu wengi walinunua petroli ya magendo kwenye vidumu na chupa, nyingine ikiwa imevushwa mpakani. Ubora wa petroli ya namna hiyo hauonekani kwa macho, na swali la kwanza la fundi mwenye hekima likawa, "Hii esanse umeitoa wapi?"

Ugonjwa wa pili ni mwingine kabisa. Mkono wa pistoni umeshikwa kwenye krankishafti na beringi nyembamba zinazoelea juu ya oili. Oili ikipungua au ikichoka, beringi hulika, nafasi huongezeka, na chuma huanza kupiga chuma. Mlio wake ni mzito, wa chini, kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi akiwa chumba cha pili: go, go, go. Haukomi ukiachia mafuta, pengine huzidi. Asubuhi injini ikiwa baridi waweza usiusikie sana, kisha ikipata moto na oili ikawa nyepesi unajitokeza. Fundi akiutilia shaka, katika gari la zamani huchomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine huku injini ikizunguka. Akifika kwenye silinda yenye ugonjwa, mlio hupungua, kwa kuwa mlipuko uliokuwa ukiusukuma mkono haupo tena. Wengine huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni. Daktari Laennec wa Paris alifanya jambo la aina hiyo mwaka 1816, alipokunja karatasi kuwa bomba na kusikiliza kifua cha mgonjwa. Chombo cha daktari kilichoninginia shingoni leo ni mjukuu wa karatasi ile, na bisibisi ya fundi ni binamu yake.

Gari lenye ugonjwa huu wa pili likipelekwa Bugarama kwa kudhani ni petroli mbaya, huenda lisirudi. Mkono ukivunjika hutoboa ukuta wa injini. Tena hilo likitokea kwenye mteremko wa kurudi Bujumbura, dereva hupoteza nguvu ya injini iliyokuwa ikimsaidia kupunguza mwendo, na hubaki na breki peke yake kwenye kona zile. Ndiyo sababu nasema kwamba tofauti kati ya kokoto na ngumi, kati ya tanakali moja na nyingine, si pambo la lugha.

Mwanahistoria Stefan Krebs ameonyesha kwamba Ujerumani, baada ya Vita vya Kwanza, wenye magari walihimizwa wasikilize injini zao wenyewe, na kwamba baadaye mafundi walidai kuwa sikio lililofunzwa ni lao peke yao. Sina hakika kwamba hali ya Bujumbura ilifuata njia hiyo. Hapa naona sikio limebaki la wawili. Fundi hawezi kwenda Bugarama na kila gari. Lazima amtegemee dereva alete mlio mdomoni. Dereva naye hawezi kuutafsiri. Katikati yao hakuna kitu isipokuwa lugha.

Vitabu vidogo vya Kiswahili ambavyo wakoloni waliandikiana havikusaidia katika hili. Johannes Fabian, katika utafiti wake juu ya Kiswahili cha Kongo ya Wabelgiji uliochapishwa mwaka 1986, anaeleza jinsi vitabu vya namna hiyo vilivyojengwa juu ya amri. Lete, beba, safisha, fungua. Kwa lugha ya namna hiyo unaweza kumwamuru mtu afungue injini. Huwezi kumweleza unachosikia, wala yeye hawezi kukuuliza. Kiswahili cha kuuliza "inalia namna gani?" kilikuzwa na mafundi na madereva wenyewe.

Kuna watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi mashine ya kupimia huchomekwa chini ya usukani na kusoma hitilafu zote. Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuweka tundu la aina moja kuanzia magari ya mwaka 1996, na siku hizi mashine hizo ni ndogo na za bei nafuu. Tena tangu miaka ya 1980 injini nyingi zimewekewa sikio lao wenyewe, kifaa kidogo kilichofungwa ubavuni mwa silinda, kinachosikiliza kugonga kwa petroli na kuchelewesha moto wa plagi kabla dereva hajasikia chochote. Ugonjwa wa Kettering umepata mlinzi. Lakini mashine husoma kile tu kilichowekewa nyaya. Beringi ya gurudumu kwa kawaida haina waya wa kueleza kwamba imechakaa.

Na hapo ndipo tunarudi kwenye mvumo wa Kibenga. Beringi ya gurudumu hufungwa pamoja na grisi yake ndani ya kifuniko cha mpira. Maji ya mafuriko, yenye mchanga na tope, yakipenya kifuniko hicho, grisi huharibika na chuma huanza kushika kutu taratibu. Kwa wiki kadhaa hakuna dalili. Kisha mvumo huanza, mdogo, unaopanda na mwendo wa gari na wala si mwendo wa injini. Wengi hudhani ni tairi. Njia ya kutofautisha ni kukata kona ndefu katika mwendo wa wastani: ukikata kushoto, uzito hulalia magurudumu ya kulia, na mvumo ukizidi hapo, mtuhumiwa ni beringi ya kulia. Tairi lililolika vibaya kwa kawaida halijali sana umekata upande gani.

Sasa sikiliza tatizo la lugha. Burundi huendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yaliyoko Bujumbura yametoka Japani, yenye usukani kulia. Dereva akisema mvumo uko "upande wa dereva", fundi aliyejifunzia kazi kwenye magari ya Ulaya anaweza kufikiria kushoto. Akisema "upande wa barabara", je, ni upande wa katikati ya barabara au upande wa mtaro? Na "kulia" je? Kulia kwa aliyekaa ndani, au kulia kwa fundi aliyesimama mbele akilitazama gari uso kwa uso? Baadhi ya mafundi wameacha maneno yote hayo, hulipiga gurudumu kwa kiganja na kuuliza, "Hili?" Wanafunzi wa semantiki wanaotafuta mada ya tasnifu kuhusu viashiria wanaweza kuanzia hapo. Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kiswahili kikaanza kufundishwa katika shule za msingi, vitabu vingi vilivyopatikana vilikuwa na mifano ya sokoni na hospitalini. Gereji haikuwemo, ingawa ndipo mahali ambapo mtoto wa Bujumbura angeweza kukisikia Kiswahili kikifanya kazi, tena hatua chache kutoka shuleni kwake ikiwa anaishi Buyenzi.

Nimalizie kwa neno moja ambalo linafaa kuingizwa kwenye kamusi zetu kwa maelezo yanayolistahili. Madereva wa Tanzania na Kenya, wakiwemo wale wa malori, wana kitenzi noki, kilichotokana na neno lilelile la Kiingereza lililomtesa Kettering. Mtu angetegemea kimaanishe kugonga. Lakini msikilize dereva: mara nyingi hasemi "injini inanoki", husema "injini imenoki", na -me- hiyo ina maana kwamba kugonga kumekwisha, na injini nayo imekwisha. Kwa hiyo lugha imegawana kazi. Gonga, neno la Kibantu, linakaa na -na-, wakati bado kuna la kufanya. Noki, neno la mkopo, linakaa na -me-, gari likiwa limeshavutwa kwa kamba. Mwanafunzi akiuliza tofauti ya njeo hizo mbili, mwalimu anaweza kumpa jozi hii: "Inagonga" maana yake simama, fungua boneti, pima oili. "Imenoki" maana yake mpigie simu mwenye gari.